Namna ya Kuzamisha Fedha Majini kwa Heshima

Mvuvi wa Pwani akitaka ndoano ifike chini, hufunga chubwi. Risasi ikikosekana, jiwe linatosha. Ndoano inashuka, soga zinaendelea, na jioni kitoweo kipo. Ikiwa wewe ni mtu wa namna hiyo, mwongozo huu haukuhusu, mpe jirani. Umeandikwa kwa ajili ya watu waliostaarabika, wanaovua trauti na besi kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi, wakiwa ndani ya suruali ya mpira inayofika kifuani, na ambao baada ya gharama zote hizo wamegundua kwamba nzi wao yuko juu na samaki yuko chini.

Dawa yao ni mshipi wa kuzama. Huu ni mshipi mnene, wa mita 27 hadi 30, ambao ganda lake la plastiki limechanganywa na unga wa tungsteni, metali iliyo nzito kuliko risasi. Unazama wenyewe bila kufungiwa kitu. Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza tofauti yake na chubwi ni ipi. Ajibiwe hivi: chubwi ni uzito uliokusanywa mahali pamoja na kuuzwa kwa bei ya soda, mshipi wa kuzama ni uzito uliotandazwa toka mwanzo hadi mwisho na kuuzwa kwa bei ya mbuzi. Ipo pia sababu ya kweli, na tuitaje upesi kabla haijatuharibia mzaha. Nzi wa bandia hana uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi, yeye anafuata tu nyuma. Ukimfungia risasi nzito, itakwenda na safari yake yenyewe, na kisogo chako kiko njiani.

Kabla ya kununua chochote, jiandae kubeba aibu, maana unavunja mwiko. Katika Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 19, nzi wa muungwana alipaswa kuelea. Frederic Halford alitoa kitabu chake juu ya nzi wa kuelea mwaka 1886, na wafuasi wake wakakigeuza sheria: humrushii samaki mpaka umemwona akila juu, tena nzi awe mkavu. Ndipo mwanasheria mmoja, G. E. M. Skues, aliyekuwa akivua mto Itchen, akatenda kosa la kuchunguza trauti wanakula nini hasa. Akakuta sehemu kubwa ya mlo wao iko chini ya maji, na mwaka 1910 akaandika hivyo kitabuni. Ugomvi ukafukuta miaka na miaka hata mwaka 1938 Flyfishers' Club ya London ikaitisha mjadala rasmi kuhusu uhalali wa kuvua kwa mdudu bandia aliyezama. Ulaya ilikuwa inanukia vita; wao walikuwa wanabishania sentimita chache za maji. Wewe unakusudia kushuka mita tano. Usiwaambie wazee wa klabu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, uwanja wa karibu ni Kenya. Samaki wote wawili wapo, na wote ni wageni walioalikwa. Mayai ya trauti wa kahawia yalitoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Aliyeyaleta ni Ewart Grogan, yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, inavyosimuliwa, ili akubaliwe kuoa. Mtu wa tabia hiyo ukimwambia kuna mito yenye baridi nzuri lakini haina samaki wa kuvuliwa kwa nzi, haulizi kama pana haja. Anauliza meli inaondoka lini. Trauti wa upinde wa mvua alifuata kutoka Afrika Kusini. Besi, huyu wa mdomo mpana, alitoka Marekani akaingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, na besi hakuhitaji kuonyeshwa wanavyoliwa. Kwa hiyo leo unaweza kuketi ndani ya mashua katikati ya Bonde la Ufa, ukamhadaa samaki wa Marekani kwa kamba bandia wa Marekani, kwa mshipi uliotoka Marekani, halafu ukawaandikia wa kwenu kwamba sasa umeijua Afrika.

Mito midogo ya milimani iachie mshipi wa kuelea. Ukitumbukiza huu wa kuzama ndani ya Gura utakuwa unavua mawe, na mawe hayana msimu. Panda kwenye maziwa ya Mlima Kenya, Alice na Rutundu, juu ya mita 3,000, mahali ambapo vidole vinakufa ganzi kabla ya saa mbili asubuhi na unaanza kuelewa kwa nini samaki hawa walihisi wako kwao. Rutundu ndiko William wa Uingereza alikokwenda na Kate Middleton mwezi Oktoba 2010, wakarudi wachumba. Hivyo hata ukirudi mikono mitupu unalo la kuwasimulia watu. Beba leseni ya uvuvi, beba kiingilio cha hifadhi, beba sweta la pili. Na ukipita Aberdare ukapewa askari mwenye bunduki, usidhani amewekwa kuwalinda trauti. Kule nyuma yako, mshipi unakokwenda kabla ya kurudi mbele, ndiko nyati anakopenda kusimama.

Sasa dukani. Sanduku la mshipi lina namba mbili, zote zimewekwa ili umwite muuzaji. Ya kwanza ni ya uzito. Mwaka 1961 watengenezaji wa Marekani walikubaliana mshipi upimwe futi 30 zake za mbele tu, tena kwa greni, kipimo kilichoanzia kwenye punje ya shayiri. Mshipi namba 7 una greni 185 katika futi hizo, yaani gramu 12. Fimbo yako nayo ina namba, zioane. Ya pili ni kasi ya kuzama. Daraja la 3 hushuka kama inchi 3 kwa sekunde, sentimita saba na nusu hivi. Daraja la 6 hushuka mara mbili ya hapo. Upo pia wa kati na kati, unaojivuta inchi moja au mbili, na upo unaozama ncha tu huku mwili ukielea, kwa watu wasiopenda kujifunga na uamuzi. Muuzaji atakueleza kwamba mvuvi kamili anahitaji yote. Mkubalie kwa kichwa, nunua daraja la 3, toka.

Bila shaka duka hilo halipo mtaani kwenu, kwa hiyo utaagiza ng'ambo, na mshipi utakungoja forodhani. Hapo jiwekee majibu mafupi.

"Hii ni kamba ya nini?"

"Ya kuvulia samaki, afande."

"Kwa bei hii?"

"Hii inazama, afande."

"Kwani zile za madukani hufanyaje?"

Lipa ushuru. Hakuna mtu aliyewahi kushinda mabishano hayo, na nyuma yako kuna foleni.

Kuhusu nzi, hadhi yako itategemea sanduku lililojaa na ufanisi wako utategemea wawili watatu. Woolly Bugger ana mkia wa manyoya laini na mwili wenye manyoya ya jogoo yaliyozungushwa. Hafanani na mdudu yeyote aliyewahi kuumbwa na trauti humshambulia pengine kwa sababu hiyohiyo. Kwa besi, chukua Clouser Minnow, aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania katika miaka ya 1980. Huyu ana macho mawili mazito, na alipoanza yalikuwa ya risasi. Ndiyo, risasi. Risasi ikiitwa chubwi inafukuzwa klabuni, ikiitwa macho inakaribishwa chai. Usilicheke jambo hili mbele ya watu. Litafakari ukiwa peke yako.

Yupo na wa tatu, na yeye ndiye kipimo cha imani. Booby ana macho makubwa ya povu, kazi yake kuelea. Unamfunga kwenye mshipi unaozama. Yaani umelipa fedha nyingi mshipi uende chini, halafu ukalipa tena nzi apande juu. Lakini fuatilia kinachotokea: mshipi unalala sakafuni mwa ziwa, na nzi, akiwa ameshikwa na kipande cha nailoni cha nusu mita, ananing'inia nusu mita juu ya matope, hanasi kwenye magugu, na kila ukivuta anainama chini kisha anainuka. Trauti hawezi kumwacha. Tatizo ni kwamba humeza mno, ndoano ikaingia kooni, na ndiyo maana baadhi ya maziwa ya kurudisha samaki yamempiga marufuku kabisa. Ukiona kitu kimepigwa marufuku na waungwana, ujue kinafanya kazi.

Nailoni inayounganisha mshipi na nzi iwe fupi hata kwa nzi wa kawaida: mita moja, moja na nusu ikizidi sana. Haina uzito wa maana. Ukiifunga ndefu, kama ulivyozoea kwenye mshipi wa kuelea, mshipi utafika sakafuni na nzi wako atabaki ghorofani akishangaa.

Halafu jambo dogo la fahari, ikiwa unaihitaji. Nzi wengi wanaouzwa katika maduka ya Uingereza na Marekani hufungwa Kenya, na mikono yenye kasi ya kutisha, vidole vinavyozungusha uzi mwembamba kuliko unywele juu ya ndoano ndogo kuliko punje ya mchele. Basi inawezekana kabisa nzi akafungwa Kenya, akapanda ndege hadi London, akawekwa kwenye kijisanduku cha kioo, akanunuliwa na mtalii, akapanda ndege tena, na kufia kwenye mti wa Aberdare. Njiani bei yake imekua, yeye hajakua.

Kurusha ndiko kunakotenganisha watu. Mshipi wa kuelea ukitaka kuurusha tena, unaunyanyua tu juu ya maji na kazi inaendelea. Huu wa kwetu umelala mita tatu chini na ziwa lote limeukalia. Ukijaribu kuunyanyua kwa nguvu, fimbo inapinda mpaka kwenye kishikio, hakuna kinachotoka, na mtu aliye ufukweni ataanza kukushangilia akidhani umenasa. Mwitikie kwa mkono, si lazima ajue. Njia yenyewe ni hii: vuta mshipi kwa mkono mpaka ibaki nje ya fimbo sehemu ndogo, mita saba au nane. Inua fimbo taratibu hadi kiganja kiwe usawa wa sikio. Tulia kidogo. Kisha bamiza mbele, mshipi ujiviringe na kutandikika juu ya maji. Hapohapo, kabla haujaanza kuzama upya, urushe nyuma, ungoje unyooke wote, urushe mbele na uachie. Mara moja. Wenzako wa mshipi wa kuelea huupepea huku na huku hewani ili wapigwe picha. Ukiwaiga na huu mzito, gramu 12 na nzi mwenye macho ya metali zitapita karibu na shavu kwa mwendo ambao miwani pekee ndiyo hoja dhidi yake. Vaa miwani. Hili si mzaha.

Mshipi ukishatua majini, usifanye kitu. Hesabu.

Hapa ndipo wanaume wazima, waliosoma, wenye vyeo, hushindwa. Utakuwa na mwongoza wavuvi, mzee aliyekulia kando ya mito hii, aliyevaa koti ambalo mvua imelikatia tamaa. Yeye hatatazama nzi wako. Hatatazama fimbo wala chapa iliyoandikwa juu yake. Atauliza:

"Bosi, umehesabu ngapi?"

"Kumi, mzee."

"Kumi za mbio ama kumi za kutembea?"

Swali ni halali. Mtu mwenye hamu ya samaki huhesabu kumi ndani ya sekunde nne. Ongezea mji: moja Nyeri, mbili Nyeri, tatu Nyeri, kila mji ni sekunde, na ukifika thelathini Nyeri utakuwa umepoa. Sasa fanya hesabu ya darasa la nne. Daraja la 3, sentimita saba na nusu kwa sekunde: kufika mita tatu unahitaji sekunde arubaini. Arubaini! Hakuna aliyewahi kukuambia sekunde arubaini ni ndefu kiasi hicho. Ndani yake mtu hukumbuka deni, hukumbuka kwamba hakufunga dirisha, huona ndege, hutaka kujua ndege ni nani, na hufikia uamuzi kwamba hapa hapana samaki. Hapo amefika ishirini na mbili.

Anza na tano. Mrusho unaofuata kumi, unaofuata kumi na tano, mahali palepale, bila kuhama, bila kubadili nzi. Endelea kushuka hivyo mpaka ndoano ije na gugu. Gugu ni habari njema, limekupa kina cha sakafu bure. Punguza hesabu tano na urudi. Mahali fulani kati ya uso na gugu, samaki wamejipanga kwenye tabaka moja la maji, lenye baridi wanayoipenda na chakula kinachopita, na nzi aliye mita moja juu yao kwao ni uvumi tu. Ukipata mguso kwenye ishirini na tano, mrusho wa pili hesabu ishirini na tano. Si ishirini na nne. Si "kama ishirini na tano hivi". Watu hubadili nzi mara saba, hubadili upande wa ziwa, hubadili mwongozaji, na kina chao hakijabadilika tangu asubuhi, kwa kuwa hawakijui. Mzee wa koti anajua hivyo. Ameajiriwa abebe mikoba, lakini akiona umebadili nzi bila kubadili hesabu, atageuza uso kando apate kutabasamu kwa adabu.

Ncha ya fimbo sasa iguse maji, ielekee mshipi ulipo. Ukiinua juu utatengeneza mkunjo, na samaki atamwonja nzi, atamtema na kwenda zake huku wewe ukisifia mandhari. Kwa trauti, kusanya mshipi kiganjani polepole kwa kuuzungusha kati ya vidole. Haraka ikizidi mshipi hupanda na hesabu yako yote imepotea. Kwa besi, vuta kwa mivuto mifupi ya ghafla, kisha acha. Anapomshika nzi, usipandishe fimbo kama ulivyoona kwenye filamu. Vuta kwa mkono wa mshipi, moja kwa moja, maana mdomo wa besi ni mgumu na fimbo nyembamba inajipinda tu kumwomba radhi.

Na karibu mwisho, nzi akiwa mita chache kutoka kwenye mashua, simama. Mwache aning'inie. Mara nyingi samaki amemfuata njia nzima toka chini bila kuamua, na kinachomfanya aamue ni nzi kusimama. Hesabu tena kumi. Ndiyo, Nyeri. Mvuvi mwenye pupa hunyanyua hapo ili arushe upya, na huona kivuli kikigeuka.

Naivasha ina masharti yake. Besi hukaa ukingoni mwa mafunjo na kwenye miti iliyozama, na jua likiwa kali hushuka. Kina kirefu kiko upande wa Crescent Island. Nahodha atakupeleka, lakini mwambie tangu mwanzo kwamba wewe hutumii chambo, ili amalize kusikitika mapema. Mshipi uliouvuta usiuache sakafuni mwa mashua. Utaukanyaga, utashika mguu wa benchi, utaingia kwenye kifungo cha koti, na ukipeperuka nje ya ukingo utazama wenyewe taratibu kuelekea kwenye injini, kwani ndiyo kazi uliyoununulia. Weka ndoo. Kiboko akitokeza, kina chako hakina umuhimu tena. Kata hesabu, mwachie nahodha.

Ukimpata samaki, unamrudisha. Hapa lowesha mikono kwanza, ndoano iwe imebanwa kile kijino chake, umfungue akiwa ndani ya maji, umwelekeze kichwa kwenye mkondo wa maji mpaka aondoke mwenyewe. Upande wa kiufundi umekwisha. Upande wa kijamii ndio mgumu: nyuma yako wako watu wenye busara walioshuhudia ukilipa usafiri, kiingilio, leseni na mshahara wa mzee, ukisimama kwenye baridi toka alfajiri, ukampata samaki wa kilo nzima, ukampiga picha na kumwachia. Usijaribu kueleza uhifadhi. Sema tumbo linakusumbua. Na ukihitaji kujitetea mbele ya wanaopenda rekodi, wakumbushe George Perry wa Georgia, aliyemtoa besi wa ratili 22 na aunsi 4, kilo kumi na ushee, tarehe 2 Juni 1932. Rekodi hiyo haijavunjwa vizuri hata leo. Ilisawazishwa tu na Manabu Kurita kwenye Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Perry na familia yake samaki wao walimla, kwa hiyo naye alibaki na rekodi tu, bila samaki.

Jioni, kwenye moto, wavuvi wengine watakuuliza ulitumia nini. Kuwa mkarimu. Taja ziwa, taja upande wa ziwa, taja nzi kwa jina na rangi, fungua sanduku uwagawie wawili watatu, waonyeshe hata mshipi na sanduku lake. Wataandika yote. Akitokea mmoja, kwa kawaida ni yule aliyenyamaza jioni nzima, akauliza ulihesabu ngapi, mwambie hukuhesabu, ulikuwa unasali.